Baiskeli imefungiwa stoo, barabara je?

Wiki tatu zilizopita mama mmoja wa Ujiji alinitumia ujumbe mrefu kwenye simu. Mwanawe ana miaka 13, ameanza kidato cha kwanza, na shule aliyopangiwa iko upande wa Mwanga. Baba akamwachia baiskeli yake, ile nyeusi ya keria pana. Siku moja, kwenye mteremko, bodaboda iliyokuwa inakwepa shimo ikamsukumia mtaroni. Akashonwa nyuzi saba mkononi, madaftari yakalowa, rimu ya mbele ikapinda.

"Mdogo wangu," aliandika, "baiskeli nimeifungia stoo na ufunguo ninao mimi. Sasa namlipia bodaboda kwenda na kurudi, na hela yenyewe unaijua. Nataka uniambie kitaalamu, mtoto anafaa kuendesha baiskeli akiwa na miaka mingapi?"

Nilianza kumjibu kama ninavyojibu maswali mengine ya ukurasa huu. Nikaandika kwamba wataalamu wengi wa usalama barabarani wanashauri mtoto wa chini ya miaka 10 asiachwe peke yake kwenye barabara ya magari, kwa sababu bado hajaweza kupima vizuri kasi ya chombo kinachokuja wala umbali wake. Nikaandika habari za helmeti na breki. Halafu nikausoma ujumbe wake tena, nikafuta yote. Mtoto wake ana miaka 13 na hakuanguka kwa sababu ya umri. Alisukumwa na mtu aliyekuwa anakwepa shimo, akaangukia mtaro usio na mfuniko. Nilichokuwa naandika mimi kilimhusu mtoto, na shimo na mtaro sikuvigusa kabisa.

Nikamwomba kitu kimoja: anikopeshe ufunguo wa stoo Jumamosi moja asubuhi.

Tulitoka saa 12 na nusu, mimi na kijana, kila mmoja na baiskeli yake. Yangu nilikuwa nimeazima. Wasomaji wa Kigoma mnaijua ardhi yetu: mji umekaa kwenye vilima vinavyoshuka ziwani, na mvua ikinyesha, udongo mwekundu na mchanga vinateremka navyo, vinalala kwenye lami. Mtu wa gari hauoni mchanga huo. Mwenye baiskeli akishika breki ya mbele juu yake, anakwenda chini. Kijana alinionyesha sehemu tatu za namna hiyo kabla hatujafika mbali, akaniambia, "Hapa dada usishike breki, acha iteleze yenyewe." Nilimtii.

Njiani tulipishana na wanaume wanaoleta mkaa mjini, magunia mawili yamesimamishwa kwenye keria, mwenyewe anasukuma kwa bega kwa sababu mlima haupandiki na mzigo ule. Wapo waliobeba madumu ya mawese, wapo wa ndizi, na wapo waliotoka Kibirizi na dagaa. Hawa ndio wanaolisha nyumba zetu, na barabara nzima haina hata futi moja iliyochorwa kwa ajili yao. Pembeni ya lami, pale ambapo wangepita, kuna rundo la kokoto la mtu anayejenga, halafu kijiwe cha bodaboda, halafu meza ya mama anayeuza maandazi, halafu gari lililoegeshwa. Kila kimoja kinamrudisha mwenye baiskeli katikati ya barabara, na huko katikati kuna daladala. Sisemi haya ili mama wa maandazi afukuzwe. Na yeye ana watoto. Nasema tu kwamba nafasi ile ilikuwepo, na hakuna aliyepanga nani aitumie.

Tulipofika kwenye mtaro wake, kijana alisimama. Ni mtaro mzuri kwa kweli, umejengwa kwa mawe na saruji, unapitisha maji ya kilima kizima. Kina chake kinanifika kiunoni. Kati ya ukingo wa lami na ukingo wa mtaro hakuna nafasi inayozidi hatua moja ya mtu mzima. Hakuna jiwe lililopakwa chokaa, hakuna kizuizi, hakuna mfuniko wa zege. Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuangukia hapo. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Wengi. Muulize fundi."

Mchana nikaenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kwao, mzee mwenye benchi chini ya mwembe. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leta baiskeli." Nikamwambia sina baiskeli mbovu, nina maswali. Akacheka, akaendelea kunyoosha spoki. Lakini alipoanza kueleza, nilifunga daftari na kusikiliza tu. Alinyanyua rimu moja: hii imepinda hivi kwa sababu gurudumu limeingia mtaroni. Akanyanyua nyingine: hii imegongwa kwa nyuma, mwenyewe alikuwa amesimama. Uma wa mbele uliorudi nyuma ni wa mtu aliyekita kwenye tuta lisilo na rangi usiku. Kwa kila chuma alijua ni barabara gani, na mara nyingi alijua ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo niliposikia aibu kidogo kama mwandishi wa afya. Miaka yote natafuta takwimu za ajali hospitalini na polisi. Mtoto aliyechubuka goti hafiki hospitali, na aliyesukumwa mtaroni bila gari kusimama hafiki polisi. Anafika kwa fundi, kwa sababu baba anaitaka baiskeli yake ikiwa nzima. Daftari la ajali za mtaa liko kwa mzee yule, na sidhani kama kuna ofisa wa barabara aliyewahi kukaa kwenye benchi lake.

Basi niwape na ya kitaalamu, maana ndiyo mliyoniajiri nayo.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2023, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Shirika hilohilo linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mtoto wa huyu mama alikuwa anazipata zote njiani, bila ada na bila kocha. Sasa anakaa nyuma ya bodaboda. Na tusijidanganye kwamba huko ndiko kwenye usalama. Kwenye pikipiki kasi ni kubwa zaidi, na watoto wengi hupakiwa wawili wawili bila helmeti.

Majeraha ya baiskeli yenyewe yana sura zake, na mawili wazazi wengi hawayajui. La kwanza ni kisigino kwenye spoki. Mtoto mdogo amebebwa kwenye keria, miguu inaning'inia, mguu unaingia kwenye gurudumu la nyuma linalozunguka. Ngozi ya kisigino inachunwa, wakati mwingine hadi kwenye mshipa mkubwa ulio nyuma ya kifundo, na mfupa unaweza kuvunjika. Kidonda kinaweza kuonekana kidogo siku ya kwanza, halafu ngozi ikafa baada ya siku chache, kwa hiyo kapimwe hata kama mtoto anachechemea tu. Kinga yake ni rahisi: fundi afunge vipande viwili vya chuma vya kukanyagia, na afunike spoki za pembeni kwa wavu au kipande cha plastiki cha dumu kuukuu. Mzee yule wa mwembe ana madumu tele.

La pili ni tumbo. Mtoto akianguka na ncha ya usukani ikamchoma tumboni, nje unaweza kuona alama ndogo kama shilingi, kumbe ndani ini, bandama au kongosho vimeumia. Akilalamika maumivu ya tumbo, akitapika, akipauka au tumbo likawa gumu, hata kama ni kesho yake, mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba ni usukani. Usiseme tu "ameanguka".

Kichwa mnakijua, ila nirudie. Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, damu au maji kutoka puani au masikioni: ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Na kama shingo inauma, asikalishwe kwenye pikipiki.

Wazazi wa mabinti huniuliza swali jingine kwa sauti ya chini, kama baiskeli inamharibu msichana. Haimharibu. Bikira si kitu kinachopimwa kwa kiti cha baiskeli, na hakuna daktari anayemzuia binti kuendesha kwa sababu hiyo. Kinachomwangusha binti mara nyingi ni sketi au baibui linaloingia kwenye mnyororo, na hilo fundi analimaliza kwa kufunga kifuniko cha mnyororo. Nimeona mabinti wa Ujiji wanaotembea zaidi ya saa nzima kwenda shule huku kaka zao wakiwapita kwa baiskeli ya nyumba ileile.

Turudi barabarani. Kuna watakaosema njia za baiskeli ni mambo ya Ulaya. Si kweli, yako hapahapa nchini na ni ya zamani. Katikati ya miaka ya 1990, Temeke ya Dar es Salaam na Morogoro mjini viliingizwa kwenye mradi wa majaribio wa usafiri usio wa magari, pamoja na Nairobi na Eldoret za Kenya, chini ya mpango wa usafiri wa Afrika uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Walijenga njia za miguu na baiskeli na vivuko vilivyoinuliwa juu ya lami ili gari lipunguze mwendo likitaka lisitake. Kinachonivutia zaidi kwenye mradi ule ni kwamba watumiaji wa barabara wenyewe waliitwa mezani, wakaulizwa wanapita wapi na wanaogopa wapi.

Baadaye Dar es Salaam ilipojenga barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kazi Mei 2016, pembeni ya Barabara ya Morogoro iliwekwa njia ya miguu na baiskeli. Jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Aliyepita pale anajua kwamba bodaboda na meza za biashara nazo zimejipatia sehemu kwenye njia hiyo, na ndiyo maana waendesha baiskeli wa jiji, kupitia umoja wao wa UWABA, wamefanya misafara ya baiskeli barabarani kukumbusha kuwa wapo. Kwa hiyo hata saruji ikimwagwa, kazi haijaisha.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hauna njia ya baiskeli ndani yake. Shirika liitwalo Amend lilizunguka shule za msingi za Dar es Salaam ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, likauliza watoto wanapita wapi, kisha likafanya mambo madogo: matuta, vivuko, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari, na wakati mwingine kuhamisha tu geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha majeraha ya watoto kwenye maeneo hayo yalipungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka huohuo mpango huo ukashinda tuzo kubwa ya miji ya dunia. Kwa kuhamisha geti!

Kinyume chake tunakiona kwa jirani zetu, kaskazini ya ziwa letu. Machi 2022 serikali ya Burundi ilizuia baiskeli, bajaji na pikipiki za abiria kwenye barabara za katikati ya Bujumbura, na usalama barabarani ukawa miongoni mwa sababu. Baiskeli ziliondoka, lakini waliozitegemea kwa kipato na wanafunzi waliopanda kwa nauli ndogo hawakuondoka, walibaki na miguu yao. Ninapomwona mama wa Ujiji akiufunga mlango wa stoo, namwona akifanya jambo lilelile kwa mtoto mmoja. Simlaumu. Ningeshonewa mwanangu nyuzi saba na mimi ningeficha ufunguo.

Sasa, barabara za hapa zinapangwa wapi? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Manispaa ya Kigoma/Ujiji ilikuwamo kwenye mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na sasa ni miongoni mwa miji 45 ya mradi wa TACTIC, ambao TARURA inausimamia. Kwa maneno mengine, fedha za lami na mitaro zinakuja mjini kwetu. Lami mpya ni neema, lakini ina tabia moja: inaongeza mwendo. Kwenye barabara mbovu bodaboda anakwenda taratibu kwa kulazimika. Ukimwekea lami bila matuta karibu na shule na bila nafasi ya pembeni, umempa kasi bila kumpa mtoto mahali pa kukaa. Wizara za nchi mbalimbali zilikutana Stockholm Februari 2020 zikakubaliana kwamba pale watu, baiskeli na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, kwenye mikutano ya mtaa na baadaye kamati ya maendeleo ya kata. Nimehudhuria mikutano hiyo kwa kazi. Wanaokaa mbele ni wazee wenye nafasi na watu wenye viwanja. Mbeba mkaa wakati huo yuko mlimani, mama wa dagaa yuko mwaloni, mwanafunzi yuko darasani. Ikiulizwa "tunataka nini", jibu linakuwa "lami". Hakuna anayesimama kusema kwamba lami ije na nusu mita ya pembeni, na mfuniko kwenye mtaro mbele ya shule. Ofisa naye si mchawi, anaandika kilichosemwa.

Ndiyo maana nawaambia viongozi wetu wa mitaa, na wahandisi kama wananisoma, kwamba mkutano mmoja wa barabara ufanyike jioni, kwa fundi baiskeli. Benchi lipo na kivuli kipo. Wenye baiskeli watakuja wenyewe kujaza upepo. Mhandisi akae nao saa moja, kisha watembee pamoja hadi kwenye zile sehemu. Waitwe na vijana wa kijiwe cha bodaboda, maana nao wanaanguka na wanayajua mashimo kuliko mtu yeyote. Kabla ya kuomba njia kamili ya baiskeli, ambayo ni gharama na kwenye baadhi ya mitaa yetu nyembamba haitatosha, kuna vitu ambavyo mtaa unaweza kuomba na kupata mapema: mifuniko ya zege kwenye vipande vya mtaro vilivyo kwenye kona na mbele ya shule, rangi kwenye matuta, mchanga kuzolewa baada ya mvua, taa moja mahali penye giza, rundo la kokoto kupewa siku za kuondoka. Kupaka mawe chokaa ukingoni hata hakuhitaji bajeti ya serikali. Ni kazi ya Jumamosi moja na ndoo mbili.

Mzazi, kama unataka kuanza na kwako, mwambie mtoto wako akuchoree njia yake ya shule kwenye karatasi na aweke alama anapoogopa. Usimkosoe wakati anachora. Kisha tembea naye. Karatasi tano za watoto watano wa mtaa mmoja zikiwa na alama mahali palepale, mwenyekiti wa mtaa atapata shida kuzikataa.

Nilirudisha ufunguo siku ileile, na jibu langu nikamwandikia usiku: miaka 13 anafaa, ukiwa na breki mbili zinazoshika, helmeti kama mtaipata, na kwenye ule mteremko ashuke asukume hadi mtaro upite.

Juzi ameniandikia tena. Rimu imenyooshwa, baiskeli imetoka stoo, na kijana anasukuma pale walipokubaliana, "ingawa anaona aibu wenzake wakimpita." Mkutano wa mtaa wao umetangazwa na yeye atakwenda, mara yake ya kwanza tangu ahamie hapo. Swali lake lilikuwa kama mtoto wa miaka 13 anaruhusiwa kuzungumza mkutanoni. Nikamwambia kura hana mpaka afikishe miaka 18, lakini mwenyekiti akimruhusu anaweza kueleza, na asiporuhusiwa basi mama asome karatasi yake. Akanipigia picha ya karatasi hiyo. Ina sehemu saba, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu uliolala kidogo kwa sababu ya ule mkono ulioshonwa. Namba moja si mtaro wake. Ni tuta lililo karibu na shule ya msingi, lililofutika rangi, ambapo mdogo wake wa darasa la pili huvuka kila siku.